"Nowt" Halina Kosa, Kosa Ni la Anayelihukumu

Kaskazini mwa Uingereza, katika miji kama Leeds, Bradford, Barnsley na Halifax, na katika vijiji vya Yorkshire na Lancashire, watu wana neno fupi ambalo vitabu vya sarufi vya shule havilitaji: "nowt". Maana yake ya kwanza ni "si kitu" au "hakuna lolote". Mtu aliyerudi sokoni mikono mitupu akiulizwa amenunua nini, hujibu kwa neno hilo moja na mazungumzo yakaisha. Wapo wanaolitamka "naut" na wapo wanaolitamka "nout", kutegemea upande waliokulia. Neno hilo limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Likitoka kinywani mwa mtoto darasani, kwa vizazi kadhaa mwalimu alilisahihisha papo hapo. Likitoka kinywani mwa mtu anayetafuta kazi London, hakosekani msikilizaji atakayempimia elimu na ukoo kabla sentensi haijafika mwisho. Hoja yangu ni kwamba hukumu hiyo haina msingi wowote katika lugha yenyewe. Ukiifuatilia historia ya neno hatua kwa hatua utaona kwamba anayehukumiwa ni msemaji, pamoja na mahali alikozaliwa na kazi ya wazazi wake, na neno linasingiziwa tu. Jambo hili linatuhusu hata sisi tunaojifunza Kiingereza ukubwani au darasani, kwa sababu tumeaminishwa kwamba kipo Kiingereza kimoja safi kilichokuwa kamili tangu awali, na kwamba chochote kinachotofautiana nacho ni uchafu.

Tuanze na asili, maana ndiko kesi inakoamuliwa. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Waingereza wa kale walikuwa na neno "wiht", lililomaanisha kitu au kiumbe. Wakalitangulizia neno la "daima", wakapata "awiht", yaani kitu chochote kile. Wakaongeza kikanushi mbele yake, wakapata "nawiht" au "nowiht": hakuna kitu chochote. Neno hilo lilipita katika vinywa vya vizazi vingi na kugawanyika matawi. Tawi moja ni "nought", ambalo leo ni jina la sufuri. Jingine ni "naught", na humo kikazaliwa kivumishi "naughty", ambacho zamani kilimhusu mtu asiye na kitu, baadaye mtu mwovu, na siku hizi zaidi mtoto mtukutu. Tawi la tatu lilisemwa haraka na bila mkazo hadi likabaki "not", kikanushi ambacho hakuna sheria wala mkataba wa Kiingereza unaoweza kuandikwa bila kukitumia. Tawi la nne ndilo hili la kaskazini. Zile herufi "gh" zinazowasumbua wanafunzi wetu katika imla zilikuwa sauti halisi, inayokaribiana na "kh" ya "kheri". Sauti hiyo ilipokufa, kila eneo lilibaki na matamshi yake. Kwa hiyo anayesema "nowt" hajaribu kutamka neno la London akashindwa. Analitamka neno la mababu zake kama lilivyomfikia. Na kwa wale wanaodai kwamba usemi wa kaskazini ni uvivu wa ulimi, wajiulize ni tawi lipi lililopunguzwa zaidi kati ya "nowt" na "not". Kama kufupisha ni uvivu, basi mvivu wa familia hii ndiye aliyevikwa joho la mahakama.

Neno hilo halikukaa na maana moja kavu. Katika riwaya ya Emily Brontë, Wuthering Heights, iliyotoka mwaka 1847, mtumishi mzee aitwaye Joseph anamfokea bibi mdogo wa nyumba kwamba yeye ni "nowt", yaani mtu asiyefaa kitu, na mgeni Lockwood aliyesimama hapo anadhani kwa muda kwamba ametukanwa yeye. Hapo kikanushi kimegeuka kuwa nomino ya mtu, na tusi zito. Manchester na Lancashire wana "nowty", yaani mwenye hasira za karibu, aliyenuna bila sababu. Lipo pia pacha lake, "owt", lenye maana ya "chochote", na kati ya maneno hayo mawili zimejengwa semi nyingi za watu wanaojua thamani ya senti. Kuna usia wa utani unaohusishwa na Yorkshire unaomtaka mtu asikie yote na aone yote lakini afunge mdomo, ale na kunywa bila kulipa, na akifanya kazi bure basi aifanye kwa manufaa yake mwenyewe. Usia huo unalirudia neno "nowt" kama kibwagizo, na ndiyo maana kwa Waingereza wengi neno hilo huleta sura ya mtu wa maneno machache, mbahili kidogo, asiyedanganyika kirahisi. Ukivuka mpaka na kuingia Uskoti, utalikuta neno la tahajia ile ile likimaanisha ng'ombe, kutoka kwa "naut" la Waskandinavia wa kale. Hayo mawili hayana undugu. Mwenyeji hayachanganyi, kwa sababu kila moja lina mahali pake, wasemaji wake na kanuni zake. Neno lenye maana zinazotofautishika hivyo, pamoja na jamaa zake wote, ni sehemu ya mfumo kamili wa lugha, na haliwezi kuwa makapi ya lugha nyingine.

Basi aibu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ramani ya utawala, na walioieneza walikiri waziwazi. Mtawa na mwanahistoria William wa Malmesbury, katika karne ya 12, aliandika kwamba usemi wa watu wa kaskazini, hasa wa York, ulikuwa mkali na wa kukwaruza hata watu wa kusini hawakuuelewa, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba wafalme walikuwa wakikaa mbali na huko. John Trevisa aliyarudia maelezo hayo kwa Kiingereza mwaka 1387, alipokamilisha tafsiri yake ya historia kubwa ya Ranulph Higden. Karne mbili baadaye, mwaka 1589, kitabu cha ushairi kinachohusishwa na George Puttenham kiliwashauri washairi wafuate usemi wa ikulu, wa London na wa maeneo yasiyozidi kama maili 60 kutoka London, na wasivuke mto Trent kutafuta maneno. Kilichonigusa zaidi katika ushauri huo ni ungamo lililoambatana nao: mwandishi anakubali kwamba Kiingereza cha kaskazini ndicho kilichohifadhi zaidi usafi wa Kisaksoni cha kale, ila hakina heshima ya ikulu wala hakitumiki sana kama cha kusini. Tusome tena hoja hiyo kwa makini. Shahidi wa upande wa kusini mwenyewe anasema kwamba kwa usafi kaskazini imeshinda, lakini kwa cheo imeshindwa, na anachagua cheo. Mtu anayesema leo kwamba lahaja zinadharauliwa kwa sababu zimeharibika anabishana hata na waliozidharau kwanza.

Jambo la pili ambalo wanaohukumu hulisahau ni kwamba Kiingereza sanifu kimelishwa na kaskazini hiyo hiyo. William Caxton, aliyeanzisha uchapishaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, alisimulia katika dibaji ya mwaka 1490 habari za wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri kwa meli kutoka mto Thames kwenda Uholanzi. Upepo ulipokosekana wakashuka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja wao akamwomba mama mwenye nyumba mayai, akatumia neno "egges". Mama akajibu kwamba hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, kwa sababu naye hakujua Kifaransa, hadi mwenzake alipoingilia na kusema "eyren", ndipo mama akaelewa. Leo hakuna duka la London linalouza "eyren". Lililoshinda ni "eggs", neno lenye asili ya Kiskandinavia lililoshuka kutoka kaskazini na mashariki walikokaa wahamiaji wa Kidenmaki na Kinorwe. Viwakilishi "they", "their" na "them" vilikuja kwa njia hiyo hiyo. Geoffrey Chaucer, mshairi wa London aliyefariki mwaka 1400, alikwisha kulipokea "they", lakini badala ya "them" aliendelea kuandika "hem". Yaani huwezi kuunda aya moja ya Kiingereza cha heshima bila kukopa kwa watu wale wale wanaoambiwa leo kwamba usemi wao ni wa kishamba.

Mfano wenye nguvu kuliko yote ni ule wa herufi moja ambayo wanafunzi wa Mwanza, Kisumu na Bujumbura wanaijua vizuri kwa sababu imewakatisha alama: ile "s" inayowekwa mwishoni mwa kitenzi nafsi ya tatu inapokuwa ya umoja. Wakati wa Chaucer, mtu wa London alimalizia kitenzi kwa "eth". Hiyo "s" ilikuwa alama ya mtu wa kaskazini. Katika hadithi zake za Canterbury, Chaucer ana vijana wawili wanafunzi wa Cambridge waliotoka kaskazini, na ili msomaji wa London asikie lahaja yao, mshairi aliwawekea "s" hiyo kwenye vitenzi. Msomaji wa wakati ule alitarajiwa kutabasamu. Taratibu "s" ikashuka kusini, Shakespeare akatumia zote mbili, kisha "eth" ikabaki kwenye Biblia na sala. Alama iliyomtambulisha mshamba katika karne ya 14 ndiyo leo inayomtambulisha msomi, na kuiacha ndiko kosa. Herufi haikubadilika hata kidogo katika safari hiyo. Waliobadilika ni watu walioitumia na nafasi yao katika jamii. Ukiona sauti moja imehama kutoka kwenye dharau hadi kwenye heshima bila yenyewe kuguswa, huna budi kukubali kwamba dharau na heshima vyote viko nje ya sauti.

Karne ya 18 ilileta silaha mpya, nayo ni kitabu cha sarufi. Wasemaji wa kaskazini, kama wasemaji wengi wa lahaja nyingine za Kiingereza, hukanusha mara mbili katika sentensi moja: hukanusha kitenzi, kisha huweka "nowt" mwishoni ili kukazia. Katika miaka ya 1760 vitabu kama cha askofu Robert Lowth vilitangaza kwamba vikanushi viwili hufutana na kuzaa kauli ya kukubali, kama ilivyo katika hesabu. Lakini lugha haiendeshwi kwa hesabu. Waingereza wa kale walirundika vikanushi bila wasiwasi, Chaucer alifanya hivyo, na Kifaransa na Kihispania hufanya hivyo hadi leo bila mtu yeyote kupotoshwa. Hakuna msikilizaji wa Barnsley aliyewahi kudhani kwamba jirani yake anayekana mara mbili anakiri. Kanuni hiyo ilikuja wakati viwanda vya kaskazini vilipoanza kujaa wafanyakazi, na katika karne iliyofuata lahaja ya Yorkshire ikaambatanishwa na moshi, mgodi na karakana. Hata ndani ya nyumba ya akina Brontë, waliokuwa watu wa Yorkshire wenyewe, shinikizo lilisikika: mwaka 1850, baada ya Emily kufariki, dada yake Charlotte alitoa chapa mpya ya riwaya ile na kuyalainisha maneno ya Joseph ili wasomaji wa kusini wayaelewe. Alifanya kwa nia njema. Lakini ona upande uliotakiwa kusogea: mwenyeji alisogezwa amfuate msomaji wa mbali, na msomaji hakuombwa asogee hata hatua moja.

Aliyeikataa hali hiyo kwa kazi na si kwa manung'uniko ni Joseph Wright. Alizaliwa mwaka 1855 karibu na Bradford katika familia ya kimaskini. Akiwa na umri wa miaka sita alikuwa akiswaga punda machimboni, akipeleka zana za wachonga mawe kwa mhunzi zikanolewe. Akiwa na saba aliingia katika kiwanda kikubwa cha nguo cha Saltaire, kazi yake ikiwa kuvua kwenye mashine za kusokotea vijiti vilivyojaa nyuzi na kuvika vitupu, siku nzima kwenye kelele. Alipofikisha miaka 15 alikuwa hajui kusoma gazeti. Akajifundisha mwenyewe kwa Biblia na kitabu cha John Bunyan, akaenda shule za usiku, akaweka akiba, na mwaka 1876 akavuka bahari na kutembea kwa miguu kutoka Antwerp hadi Heidelberg ili akasome. Alipata shahada ya udaktari huko mwaka 1885, akaandika sarufi ya lahaja ya kijiji chake, Windhill, iliyotoka mwaka 1892, na kati ya 1898 na 1905 akatoa kamusi ya lahaja za Kiingereza yenye majuzuu sita. Mwaka 1901 akawa profesa wa isimu linganishi Oxford, na J. R. R. Tolkien alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Wright alijua Kijerumani, Kigothi, Kilatini na Kigiriki, na ujuzi huo haukumfanya aone aibu kwa usemi wa mama yake. Ulimwonyesha kwamba usemi wa Windhill una kanuni zinazochambulika kwa vipimo vile vile vinavyotumiwa kwa Kigothi. Anayedai kwamba lahaja humzuia mtoto kufika mbali aeleze maisha ya mtu huyu. Kilichomzuia Wright kwa miaka 15 kilikuwa umaskini na kukosa shule.

Pamoja na ushahidi huo wote, karne ya 20 iliendelea kusahihisha. Ripoti ya serikali ya mwaka 1921 kuhusu ufundishaji wa Kiingereza, iliyoongozwa na Henry Newbolt, ilizungumzia mazoea mabaya ya usemi ambayo mtoto huyapata nyumbani na mtaani kama adui ambaye mwalimu anapaswa kupambana naye. Mwaka 1941, wakati wa vita, BBC ilimpa Wilfred Pickles wa Halifax nafasi ya kusoma taarifa ya habari ya taifa. Alikuwa akiwaaga wasikilizaji wa kaskazini kwa matamshi ya kwao, na walijitokeza wengine kulalamika, kana kwamba habari za vita zinapungua ukweli zikisomwa kwa ulimi wa Yorkshire. Tony Harrison, mshairi aliyezaliwa Leeds mwaka 1937, ameandika jinsi mwalimu wake alivyomnyamazisha alipokuwa akisoma shairi la Keats kwa lafudhi ya Leeds. Katika shairi lake analoliita "Them & [uz]", Harrison alijibu kwa ushahidi: Keats mwenyewe alisema kwa lafudhi ya watu wa London wa kawaida, na vina vya Wordsworth hukamilika ukivitamka kikaskazini. Tusidhani kwamba hayo yamekwisha. Mwaka 2013 shule moja ya msingi huko Middlesbrough iliwaandikia wazazi barua yenye orodha ya maneno na matamshi ya mtaani ya kuwasahihisha watoto, na mwaka huo huo shule nyingine huko Halesowen ikapiga marufuku misemo kadhaa ya wenyeji. Julia Snell, mtafiti aliyekaa na kurekodi mazungumzo katika shule za msingi za Teesside, alionya kwamba mtoto anayeambiwa kila mara kwamba usemi wake ni makosa anaweza kuacha kusema kabisa darasani, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi Kiingereza sanifu wala kingine chochote.

Pingamizi la kwanza ni kubwa na linastahili heshima: taifa linahitaji lugha moja ya kuandikia sheria, mitihani na maelezo ya dawa, na bila usanifu kila wilaya itabaki na barua zake. Nakubaliana nalo moja kwa moja. Sisi Waswahili tunajua faida hiyo kuliko wengi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, na leo mtu wa Lubumbashi anaweza kusoma gazeti la Dar es Salaam. Lakini uteuzi huo haukuwa hukumu ya ubora. Kimvita kilikuwa na hazina ya mashairi ya Muyaka, na kiliendelea kuwa hai: Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki gerezani kwa Kimvita, kitabu kikatoka mwaka 1973, kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Kiunguja kilichaguliwa kwa sababu za matumizi, kama London ilivyochaguliwa na biashara na ikulu. Makubaliano ya namna hiyo ni halali na yana manufaa. Kosa linaanza pale makubaliano yanapogeuzwa kuwa kipimo cha akili, na anayesema "ndia" badala ya "njia", au "nowt" badala ya "nothing", anapoonekana hajafikiri vizuri. Usanifu unaweza kutetewa vizuri kabisa bila kumtukana mtu.

Pingamizi la pili hutolewa na wazazi na walimu wenye upendo. Wanasema dunia haina huruma, mwajiri atamkataa kijana mwenye lahaja, hivyo ni heri aiache mapema. Hoja hii inaeleza ukweli kisha inafikia hitimisho lisilotokana nao. Ni kweli mwajiri anaweza kumbagua. Lakini tunapojibu ubaguzi kwa kumrekebisha anayebaguliwa, tunakuwa tumemthibitishia mbaguzi kwamba alikuwa na haki. Isitoshe, si lazima kuchagua. Mtoto wa Barnsley anaweza kujifunza kuandika "nothing" kwenye barua ya kazi na kubaki na "nowt" nyumbani, kama mamilioni ya watoto wetu wanavyotumia Kisukuma au Kidholuo nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani, bila kichwa kupasuka. Ripoti ya Brian Cox ya mwaka 1989, iliyoweka msingi wa mtaala wa Kiingereza nchini Uingereza, ilitaka kila mwanafunzi afundishwe Kiingereza sanifu, lakini kwa njia inayoheshimu lugha aliyotoka nayo nyumbani. Hiyo ndiyo njia sahihi, na ugumu wake ni mmoja tu: inamtaka mwalimu aijue lahaja ya wanafunzi wake, badala ya kuwa na kalamu nyekundu peke yake.

Pingamizi la tatu linasema kwamba mjadala umechelewa, lahaja zinakufa, tuziache zipumzike. Hapa ushahidi una pande mbili. Kati ya 1950 na 1961, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds chini ya Harold Orton walizuru maeneo 313 nchini Uingereza wakiwa na maswali zaidi ya 1,300, wakiwahoji hasa wazee wa vijijini. Maneno mengi waliyoyaandika, hasa ya vifaa vya shamba, yametoweka kwa sababu vifaa vyenyewe vimetoweka. Lakini "nowt" halikuwa jina la jembe. Ni neno la kukanusha, na haja ya kukanusha haiishi, kwa hiyo vijana wa Leeds, Sheffield na Manchester wanalitumia mitaani hadi leo. Mwaka 2006 bendi ya Arctic Monkeys ya Sheffield ilitoa albamu yake ya kwanza ikiimba kwa lafudhi ya kwao, na vijana wa nchi nzima wakaipenda. Mapenzi ya namna hiyo ni mazuri, ila nayo yana mtego. Siku hizi neno hilo huchapishwa kwenye vikombe na taulo za jikoni kwa ajili ya watalii, na wapo wanaoona kwamba kwa kufanya hivyo wamelitendea haki. Kulisifia neno kwenye kikombe huku ukimkatisha tamaa mtoto anayelisema darasani ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Heshima ya kweli kwa lahaja inaonekana pale msemaji wake anapohojiwa kwa kazi, anapotoa ushahidi, anapoeleza ugonjwa wake kwa daktari, na anasikilizwa kwa kile anachosema.

Kwa hiyo ninachokitetea kina sehemu mbili, na zote zinatekelezeka. Ya kwanza ni kwamba shule ifundishe lugha sanifu kwa bidii, tena iifundishe pamoja na historia yake, ili mwanafunzi ajue kwamba "not" na "nowt" ni watoto wa mama mmoja na kwamba "s" ya mtihani ilikuwa zamani "s" ya washamba. Somo hilo huchukua muda mfupi, na mtoto anayelipata hawezi tena kudanganywa kwamba nyumbani kwao hakuna lugha. Ya pili inatuhusu sisi wasikilizaji, na ndiyo ngumu zaidi. Tuache kutumia lafudhi kama cheti cha elimu. Msomi wa Nairobi anayemcheka mwenzake kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kikisii, na mhariri wa Dar es Salaam anayekiita Kiswahili cha Lubumbashi kibovu bila kukisikiliza, wanafanya kazi ile ile iliyofanywa na wale waliopima heshima ya neno kwa umbali wake kutoka kwa mfalme. Sisi hatuna sababu ya kuurithi ujinga huo pamoja na lugha tuliyoipokea. Tukitaka kusahihisha, tusahihishe hoja iliyopotoka, takwimu iliyoghushiwa na ahadi isiyotekelezwa, na mtu asikilizwe kwanza, kwa ulimi aliozaliwa nao.